PROGRAMU ISIYOTAKA KUONDOKA: NAMNA YA KUING'OA KATIKA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Mgeni mwema hupiga hodi, huketi anapoonyeshwa, na siku zake zikiisha huaga. Wahenga walikwisha kutupa kipimo chake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini ndani ya kompyuta zetu za nyumbani wamo wageni wa namna nyingine kabisa. Huingia bila hodi, au huingia wakiandamana na mgeni halali. Mwenye nyumba awaambiapo watoke, hujibu kwa maneno makavu kwenye kioo kwamba kazi hiyo haikuweza kukamilika. Akiwatoa kwa nguvu jioni, asubuhi huwakuta wameketi palepale.

Jambo hili, ndugu msomaji, si dogo. Kompyuta imekwisha kuingia katika nyumba za kambini kama redio ilivyoingia zamani. Juu ya meza hiyo moja watoto hufanya masomo, mama huandika hesabu za duka, na askari mwenyewe huhifadhi vyeti vyake, barua za mirathi ya wazazi, na picha za jamaa. Programu moja kaidi yaweza kuifanya mashine iwe nzito kama mtu aliyebeba mizigo miwili. Yaweza pia kuchungulia maneno ya siri ya benki. Kisha mwenye mali, akiisha kukasirika, hufanya mojawapo ya makosa mawili. Ama huifuta folda ya programu hiyo kwa mkono, ama humpelekea kompyuta fundi wa kwanza aliye karibu, naye akafuta kila kitu, pamoja na picha za mtoto aliyezaliwa wakati baba yake yuko mpakani. Programu huweza kununuliwa tena; picha ile haina duka.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa utaratibu jinsi ya kumtoa mgeni huyo bila kuibomoa nyumba. Tutazungumza juu ya Windows, kwa kuwa ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya kompyuta za nyumbani. Ieleweke pia kwamba Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hatua zifuatazo zafaa kwa mfumo huo na kwa Windows 11.

ADUI HUJIFICHA WAPI

Askari hashambulii mahali asipopajua. Basi yatupasa kwanza kufahamu kwamba programu si kitu kimoja kilichowekwa mahali pamoja. Inaposimikwa, hugawa mali yake. Mafaili yake makuu huwekwa katika folda iitwayo Program Files. Mengine hupelekwa katika ProgramData na AppData, ambazo kwa kawaida zimefichwa machoni. Maagizo yake huandikwa katika Rejista, yaani daftari kuu ambamo Windows huweka kumbukumbu za mipangilio yote. Aidha, programu yaweza kuacha huduma inayoanza kazi kabla mtu hajaingiza neno lake la siri, kazi ya ratiba inayoamka kila saa fulani, na kiendelezi ndani ya kivinjari cha intaneti.

Pamoja na hayo yote, programu nyingi huja na kifaa chao wenyewe cha kujiondoa. Mahali kilipo kifaa hicho huandikwa katika Rejista. Unapobonyeza neno la kuondoa, Windows haiifuti programu kwa mkono wake. Hukiita tu kifaa hicho kije kifanye kazi. Hapa ndipo tunapoona ubaya wa kuifuta folda kwa hasira. Aifutaye folda, hukifuta na kile kifaa cha kuondolea. Jina hubaki katika orodha kama jina la mtu aliyehama ambaye bado anaitwa kila asubuhi kwenye gwaride, wala hapana wa kuitikia.

SABABU ZA UKAIDI

Sababu za programu kukataa kuondoka ni chache, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni kwamba programu inatumika wakati uleule unapotaka kuiondoa, na Windows kwa desturi hairuhusu faili lililo kazini kufutwa. Ya pili ni kwamba kifaa cha kuondolea kimeharibika au kimepotea. Ya tatu ni kukosa mamlaka, yaani mtumiaji ameingia kwa akaunti isiyo ya msimamizi. Ya nne ni kujilinda kwa haki: programu za kinga dhidi ya virusi zimejengwa makusudi zisiondolewe ovyo, kwani kirusi kingekuwa cha kwanza kuziondoa. Ya tano ni uovu: mtengenezaji hataki utoke mikononi mwake, naye amepanga walinzi wawili, kila mmoja akimfufua mwenzake anapouawa.

Mtu asiyetofautisha sababu hizi tano hutumia silaha nzito pasipohitajika, na silaha hafifu panapohitajika nzito.

YALIYOTOKEA MWAKA 2005

Asije mtu akadhani kwamba ukaidi huu ni wa wahuni wa vichochoroni peke yao. Tarehe 31 Oktoba 1905 haikuwa na kompyuta. Lakini tarehe hiyo hiyo miaka mia baadaye, yaani 31 Oktoba 2005, mtaalamu wa Marekani aitwaye Mark Russinovich alitangaza jambo lililoshangaza ulimwengu. Katika kompyuta yake mwenyewe alikuta programu iliyojificha, naye alipoifuatia nyayo zake alifika kwenye sahani ya muziki, CD, aliyoinunua kwa fedha zake kutoka kampuni ya Sony BMG.

Programu hiyo, iliyoitwa XCP na kutengenezwa na kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet, ilikusudiwa kuzuia watu kunakili muziki. Ili isionekane, ililificha kila faili ambalo jina lake lilianza kwa alama $sys$. Haikuwamo katika orodha ya programu za kuondolewa. Russinovich alipoifuta kwa mkono, kiendeshi cha sahani za CD kikatoweka katika kompyuta yake, ikambidi airekebishe Rejista ndipo kirudi. Kwa mtu wa kawaida ingalikuwa hasara tupu.

Mambo hayakuishia hapo. Muda haukupita mrefu, waandishi wa virusi wakaanza kuyapa mafaili yao majina yanayoanza kwa alama ileile, ili wajifiche chini ya blanketi la mwingine. Kampuni ilipotoa kifaa cha kuiondoa programu hiyo kwa njia ya intaneti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Ed Felten na Alex Halderman, wakagundua kwamba kifaa chenyewe kilifungua mlango mwingine wa hatari katika kompyuta. Mwezi Novemba 2005 sahani hizo zikarudishwa kutoka madukani. Mwezi Januari 2007 kampuni ikapatana na Tume ya Biashara ya Marekani kuwabadilishia wateja sahani zao, na kuwalipa hadi dola 150 wale waliopata hasara kwa kujaribu kuiondoa programu ile.

Kisa cha pili ni cha Februari 2015. Ilifahamika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Wenye kompyuta waliiondoa kwa njia ya kawaida, nayo ikaondoka kwa utii. Lakini iliacha nyuma cheti cha usalama cha uongo, ambacho kwacho mwizi angeweza kujifanya benki mbele ya kivinjari. Ikalazimu kampuni kutoa kifaa maalumu cha kukifuta na cheti hicho.

Visa hivi viwili vyatufundisha mambo mawili. Kufuta kwa mkono kwaweza kuvunja kisichohusika. Na kuondoka kwa jina katika orodha si ushahidi kwamba mgeni ameondoka na mizigo yake yote.

HATUA ZA KUFUATA

Tuanze na upelelezi. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi R, andika appwiz.cpl, kisha thibitisha. Orodha itafunguka ikionyesha jina la kila programu, mtengenezaji wake, na tarehe iliposimikwa. Tarehe ni shahidi mkubwa: ikiwa taabu ilianza Jumanne, tazama kilichoingia Jumatatu na Jumanne. Ila usiondoe kitu kwa sababu tu hulijui jina lake. Majina mengi yanayoanza na Microsoft Visual C++, kwa mfano, ni nguzo zinazobeba programu nyingine. Ukiziondoa, programu zisizo na kosa zitaanguka. Vivyo hivyo viendeshi vya sauti na vya mtandao.

Hatua ya pili ni kuokoa mali kabla ya vita. Nakili hati na picha zako katika diski ya nje, kisha ichomoe kabisa. Hatua hii huchukua saa moja au mbili, na wengi huiruka. Nao ndio wanaolia baadaye.

Hatua ya tatu, ingia kwa akaunti ya msimamizi, funga madirisha yote, na uiondoe programu kwa njia ya kawaida kutoka katika orodha ile. Ikikataa, izime kompyuta na kuiwasha upya, kisha ujaribu tena kabla hujafungua kitu kingine chochote. Ukaidi mwingi hukoma hapa.

Hatua ya nne, ikiwa waambiwa kwamba programu ingali kazini, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itatokea. Itafute programu hiyo, ikomeshe, kisha rudi kwenye orodha. Tazama pia alama ndogo zilizo karibu na saa pembeni mwa kioo, kwani programu nyingi hujibanza hapo zikiwa macho.

Hatua ya tano huwashangaza watu: ikiwa kifaa cha kuondolea kimepotea, isimike programu hiyo upya, toleo lilelile, kutoka kwa mtengenezaji wake halali. Kwa kuirudisha, unarudisha na kile kifaa kilichopotea. Kisha uiondoe mara moja. Ni kama kumrudisha kazini karani aliyeondoka na funguo za ghala ili akabidhi funguo, ndipo aende zake. Ila hatua hii ni ya programu za watu waaminifu peke yake. Hairuhusiwi kamwe kwa programu ya uovu.

Ikishindikana hivyo, Microsoft yenyewe imetoa kifaa cha kutatua matatizo ya kusimika na kuondoa programu, kinachopatikana bila malipo. Zamani kilikuwako kingine kilichoitwa Windows Installer CleanUp Utility; Microsoft ilikiondoa mwaka 2010 kwa sababu kiliweza kuharibu sehemu nyingine za kompyuta. Anayekupa hicho cha zamani leo anakupa silaha iliyokataliwa na kiwanda.

PROGRAMU ZA KINGA NA HALI YA USALAMA

Programu za kinga dhidi ya virusi zina utaratibu wake. Kampuni kubwa, kama vile McAfee, Norton, Avast na ESET, hutoa kila moja kifaa chake cha kuiondoa programu yake na masalio yote. Kichukue katika mahali rasmi pa kampuni husika. Wala usiweke programu mbili za kinga zinazolinda kwa wakati mmoja, kwani zitashukiana na kupigana kama askari wa zamu mbili waliokutana gizani bila neno la kupitia. Ukiisha kuiondoa ya nje, hakikisha kwamba Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows, imeshika lindo.

Baadhi ya vifaa hivyo hufanya kazi vizuri zaidi katika kile kinachoitwa hali ya usalama, ambamo Windows huamka na watumishi wake wa lazima tu, na programu kaidi ikabaki usingizini. Ili kuifikia, shikilia kitufe cha Shift huku ukiiagiza kompyuta ijiwashe upya. Katika kioo cha buluu kitakachotokea, chagua njia ya kutatua matatizo, kisha chaguo za ziada, kisha mipangilio ya kuanza. Kompyuta ikijiwasha tena bonyeza 4, au 5 ikiwa wahitaji mtandao.

Mambo mawili yakumbukwe hapa. Kwanza, kompyuta nyingi za siku hizi hufungwa kwa kufuli ya BitLocker. Huenda ukadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Hakikisha unao kabla hujaanza. Pili, huduma ya Windows Installer kwa kawaida haifanyi kazi katika hali ya usalama, kwa hiyo programu zinazoitegemea hazitaondoka humo. Usishangae, wala usidhani mashine imekufa. Rudi hali ya kawaida.

PROGRAMU YA UOVU

Sasa tuje kwa adui halisi: programu ya matangazo au ya upelelezi inayofufuka kila asubuhi. Kuifuta mara kumi hakusaidii ikiwa anayeifufua bado yu hai. Ndani ya Task Manager tazama orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta, uzizuie usizozitambua. Tazama kazi za ratiba. Fungua kivinjari, uviondoe viendelezi usivyoviweka wewe. Kivinjari cha nyumbani kikiandika kwamba kinasimamiwa na shirika lako, ilhali huna shirika lolote, hiyo ni dalili ya kuchunguzwa.

Kisha agiza Microsoft Defender ifanye ukaguzi wa nje ya mfumo. Kompyuta itajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, kwa muda wa dakika 15 hivi. Faida yake ni wazi: adui hukamatwa kitandani kabla hajavaa viatu. Kwa programu za matangazo, AdwCleaner ya kampuni ya Malwarebytes hutumika sana. Na kwa mwenye ujuzi zaidi, Autoruns, mojawapo ya kazi za yuleyule Russinovich, huonyesha kila kitu kinachojiamsha katika kompyuta.

Kuhusu Rejista, rai yetu ni fupi: asiyejua asiguse. Anayelazimika kuigusa atengeneze kwanza nakala yake ya akiba. Programu zinazoahidi kuisafisha Rejista ili kompyuta ikimbie kama swala nyingi hazina faida, na nyingine ndizo zenyewe tunazohangaika kuzing'oa.

JUA LINI UACHE

Kamanda mzuri hujua pia wakati wa kubadili mpango. Ikiwa umeshughulika siku mbili bila mafanikio, au ikiwa programu ile ilikuwa ikiiba maneno ya siri, njia salama ni kuiweka Windows upya. Chaguo hilo limo ndani ya mipangilio ya kompyuta yenyewe. Liko la kubakiza mafaili yako na kuondoa programu zote, na liko la kufuta kila kitu. Kwa adui mwizi, chagua la pili, baada ya kuokoa hati na picha peke yake. Kisha badilisha maneno yote ya siri, na uyabadilishe kutoka katika kompyuta nyingine iliyo safi, si katika ile iliyokuwa na mwizi.

Ukilazimika kumwita fundi, mwambie mbele ya mashahidi mambo matatu: asifute kitu kabla ya kunakili, asiweke Windows ya wizi, na afanye kazi ukimtazama. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Neno moja zaidi kwa wenzetu walio kazini. Yaliyoandikwa hapa ni ya kompyuta ya nyumbani. Kompyuta ya ofisi, hata ikiwa na programu inayoudhi namna gani, si yako kuifanyia upasuaji. Itenge, andika ulichokiona na saa ulipokiona, kisha toa taarifa kwa mhusika. Kinachoonekana kuwa taka kwa karani chaweza kuwa ushahidi kwa mpelelezi.

KINGA

Wageni wengi wa namna hii hawavunji mlango, hufunguliwa. Mtu hupakua programu ya bure, kisha hubonyeza kitufe cha kuendelea mara sita bila kusoma, na katika mara ya nne amekubali programu tatu nyingine. Mwingine hutafuta programu ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli ili asilipe, akasahau kwamba mvunja kufuli hafanyi kazi ya sadaka. Basi pakua kwa mtengenezaji mwenyewe, soma kila ukurasa wa kusimika, na ondoa alama katika kila kisanduku usichokitaka. Wape watoto akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Kwa hatua hiyo moja, programu nyingi haziwezi kusimikwa bila wewe kuitwa. Na kila mwezi tenga nusu saa uisome orodha ya programu, kama vile ghala la silaha linavyohesabiwa hata siku ambayo hapana kilichopotea.

Kompyuta ni mali iliyonunuliwa kwa jasho, na ndani yake zimo kumbukumbu ambazo mshahara wa mwaka mzima hauwezi kuzirudisha. Anayeijua orodha ya vilivyomo nyumbani mwake humtambua mgeni siku ileile anapoingia, wakati ambapo kumtoa bado ni kazi ya dakika tano.